Enanga, Diski na Deki: Historia ya Kuinasa Sauti katika Karagwe na Kyerwa

Mwezi wa Novemba 1861 Speke na Grant walifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Speke aliendelea na safari ya Buganda Januari iliyofuata, naye Grant, kwa kuumwa mguu, akabaki nyuma kwa miezi kadhaa. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1864 Grant ameieleza nanga, hata akazipima kwa sikio sauti za nyuzi zake. Ni maelezo yenye thamani. Lakini hakuwa na chombo ila kalamu, na kalamu yaweza kuhesabu nyuzi, haiwezi kumrudisha mwimbaji. Tangu hapo kila aliyefika nchi ile kutafuta maneno ya wazee amefika na chombo chake, na kila chombo kimeyakata maneno hayo kwa kipimo chake chenyewe.

Enanga ni ubao uliochongwa kama chano, na juu yake umepitishwa uzi mrefu uliorudishwarudishwa toka ncha moja hata ya pili. Mwimbaji hupiga na kusimulia pamoja, na habari za wafalme na mashujaa huweza kuendelea kupita nusu saa bila kituo. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka wa 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba tungo hizo ni tendi kamili, wala si vipande vya nyimbo. Yafaa kuuliza kwa nini jambo hilo lilihitaji kuthibitishwa. Sehemu ya jibu imo katika chombo. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka wa 1950 akinasa muziki, wa Wahaya ukiwamo, santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Msikilizaji wa ng'ambo aliyeletewa dakika tatu angewezaje kujua kwamba amesikia mlango tu wa nyumba? Kaseti, iliyotolewa na Philips mwaka wa 1963, iliongeza nafasi hata nusu saa kwa upande katika ile ya dakika 60, lakini bado ilibidi kuigeuza, na utendi haungoji mtu ageuze kaseti. Israel Katoke, aliyeandika historia ya ufalme wa Karagwe iliyotoka mwaka wa 1975, aliyategemea sana masimulizi ya wazee. Kwa mwanahistoria muhtasari wa masimulizi huweza kutosha. Kwa mwanaisimu hautoshi kabisa.

DVD ya kuchoma ilikuwa diski ya bei ndogo iliyoweza kuubeba utendi mzima, pamoja na sura ya mwimbaji na mikono yake, bila kukatwa. Kwa bahati mbaya ilizaliwa katika ugomvi. Shirika la DVD Forum lilikubali diski ya DVD-R, ambayo Pioneer iliitolea mashine mwaka wa 1997; mwaka huohuo Sony, Philips na wenzao wakaunda umoja wa pili, ambao hatimaye ulileta DVD+RW mwaka wa 2001 na DVD+R mwaka wa 2002. Aina zote mbili zilikuwa na kipenyo cha sentimeta 12, zilibeba gigabaiti 4.7, na kwa macho hazikutofautika ila kwa alama ya kutoa na alama ya kujumlisha. Kando yao ilikuwapo DVD-RAM ya mwaka wa 1998, iliyoweza kufutwa na kuandikwa hata mara laki moja, lakini haikusomwa na deki nyingi. Mashine ya Sony ya mwaka wa 2002, DRU-500A, ilipokubali kuandika pande zote mbili za ugomvi, ununuzi wa mashine ukawa rahisi. Ununuzi wa diski haukuwa rahisi, maana mashine ya kuchomea ni moja na deki za kusomea ni elfu.

Hapo ndipo Karagwe na Kyerwa zinapoingia tena katika habari hii. Katika miaka ya 2000 na 2010 DVD ilikuwa chombo cha harusi na mazishi. Mpiga video alichoma nakala, familia ikaiweka kabatini pamoja na picha. Mtafiti aliyetaka kumrudishia mwimbaji kazi yake alipaswa kuichoma diski itakayokubaliwa na deki ya nyumba ile, pengine ya miaka mingi. Kwa kazi hiyo DVD-R ilikuwa chaguo la busara, kwa kuwa deki za zamani ziliielewa zaidi. DVD+R nayo ilifaa iwapo mashine iliweza kuandika, katika sehemu ya mwanzo ya diski, kwamba hii ni diski ya kiwandani; uongo mdogo wenye manufaa. Diski za kufutika, zile za RW, hazikufaa kwa zawadi: huakisi mwanga kidogo, na deki nyingi za zamani zikazidhani ni za tabaka mbili au zikazikataa kabisa. Na diski ya R isiyofungwa mwishoni mwa kuchomwa mara nyingi hubaki kimya katika deki, hata kama kompyuta iliyoichoma yaisoma vizuri.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski ya R imekwisha, haiandikwi tena. Kwa hiyo betri ya akiba ilikuwa sehemu ya mashine, si anasa, na mwendo wa wastani ulikuwa bora kuliko ule mkubwa uliotangazwa juu ya boksi. Hesabu nayo iliwadanganya wengi. Gigabaiti 4.7 za muuzaji ni bilioni 4.7 za baiti, na kompyuta nyingi huonyesha 4.38 tu. Sauti ya mikondo miwili, ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, hula megabaiti 691 kwa saa, basi diski moja hubeba saa 6 na dakika 48 hivi. Kwa sampuli 96,000 na biti 24 hubeba saa 2 na robo.

Msomaji atauliza kama usahihi huo una faida. Kinyambo, ambacho Guthrie alikipa alama E21 kando ya Kihaya cha E22, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na Kathleen Hubbard katika miaka ya 1990 alipima urefu wa irabu zake, zikiwamo zile zitanguliazo konsonanti zenye king'ong'o, kwa sehemu ndogo za sekunde. Urefu na kiimbo huvumilia kiasi kikubwa cha kubanwa kwa sauti. Vikwamizi havivumilii hivyo. DVD ya video, ambayo kwa kawaida huibana sauti, yatosha basi kwa mtazamaji, na yaweza kumpoteza mwenye kuchunguza konsonanti. Sauti asili ilipaswa kuchomwa kama faili, peke yake, katika diski nyingine.

Kosa kubwa la enzi ile lilikuwa kuzifanya kazi hizo mbili kuwa moja: nakala ya nyumba ya mwimbaji na nakala ya hifadhi. Mradi wa Lugha za Tanzania, uliotoa msamiati wa Kinyambo wa Josephat Rugemalira mwaka wa 2002 na sarufi yake mwaka wa 2005, uliacha karatasi, na karatasi husomwa bila deki. Rangi ya DVD ya kuchoma huharibiwa na mwanga, joto na unyevu, na mwongozo wa IASA wa kuhifadhi sauti, uliotoka mwaka wa 2004 na kurudiwa mwaka wa 2009, ulionya dhidi ya kuitegemea diski ya aina hiyo peke yake. Kompyuta mpya nyingi leo hazina mlango wa diski, na Februari 2025 Sony ilikoma kutengeneza diski za Blu-ray za kuandikwa. Zilizochomwa Karagwe miaka ishirini iliyopita zapasa kuhamishwa sasa, katika diski kuu mbili zilizo mahali mbalimbali, wakati mashine za kuzisomea bado zapatikana kwa mafundi.

Anayezihamisha na asome pia maandishi ya juu. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, na sensa ya mwaka wa 2012 iliihesabu peke yake. Diski ya mwaka wa 2005 yenye neno "Karagwe" tu yaweza kuwa imenaswa Bweranyange, na yaweza kuwa imenaswa Murongo au Kaisho, ng'ambo ya mpaka wa leo. Atakayeyajua hayo kwa hakika ni mwimbaji mwenyewe, au watoto wake, na swali hilo wapelekewe pamoja na nakala yao.