Kuwekelea: Maana ya Hili Neno na Lilikotoka

Uko stage ya boda hapa Yamumbi, simu ya msee imepotea. Kabla hata itafutwe, mtu ashakunyooshea kidole juu ulikuwa umeketi karibu naye. Kitu ya kwanza inakutoka mdomoni ni gani? "Zii buda, usiniwekelee!"

Maana yake

Kuwekelea ni kumbebesha mtu kosa ambalo si lake. Ukisema jamaa "amewekelewa kesi", unamaanisha hakufanya hiyo maneno. Na ukiskia karao "wamemwekelea bangi", ni kwamba walimtilia mfukoni halafu wakamshika nayo.

Limetoka wapi?

Hili si neno la Sheng. Ni Kiswahili safi. Anza na *weka*, linyambue upate *wekea*, linyambue tena upate *wekelea*, yaani kuweka kitu juu ya kingine, kama gunia juu ya gunia. Mtaa ilichukua tu hiyo picha: kosa ni mzigo, na kuna mtu anatafuta kichwa ya kuubeba.

Usichanganye na haya

*Kulaumu* limetoka Kiarabu. Unaweza laumiwa na kweli ulikosea.

*Kusingizia* lazima kuwe na uongo ndani. Ndio maana pia tunasema *kisingizio*.

*Kumwangushia mtu jumba bovu* ni kuwekelea kwa lugha ya wazee: nyumba inabomoka, inaangukia mwenye hata hakuijenga.

Mbona ujali?

Juu Yamumbi tunajua bei yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, matokeo yalitangazwa Nairobi, lakini hasira yake iliwekelewa majirani huku. Watu walichomewa na kufukuzwa kwa sababu ya kabila, si kwa kitu walifanya. Jina la Yamumbi liliingia hadi kwenye kesi ya ICC, pamoja na Langas, Huruma, Kimumu na Kiambaa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Pale stage hakuna jaji. Kuna wewe, na watu wanangoja mmoja aseme "ni huyu!"

So kabla umwekelee msee, jiulize: uliona, ama uliskia tu?