Mupagazi na Jamaa Yake

Tukifungua historia ya inchi zetu za mashariki tunakuta majina ya watu wakubwa: Livingstone, Stanley, Tippo-Tip, Mirambo. Kila mwanafunzi anayajua. Lakini tuulize neno moja: hema zao, nguo zao, bunduki, pembe za tembo, hata karatasi walizoandikia habari zao, nani alivibeba? Katika karne ya 19 hapakuwa na reli wala gari toka pwani mpaka Ziwa Tanganyika. Ng'ombe na farasi waliuawa na ugonjwa wa mbung'o. Basi karibu kila kitu kilipita juu ya kichwa au bega la mutu. Mutu huyo ndiye mupagazi. Tutazame maisha yake na ya jamaa yake.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, wenyeji wa inchi ya Tabora. Wengine wanazani kwamba wote walikuwa watumwa. Sivyo. Wengi walikuwa watu huru wenye mashamba, wenye kupatana mushahara mbele ya kuondoka. Muzigo wa desturi ulikuwa frasila mbili, maana yake kilo 30 na zaidi. Na juu yake mupagazi aliongeza mukeka wake na posho yake. Toka Bagamoyo mpaka Tabora ni kama kilometa 800, mwendo wa miezi miwili au mitatu. Kirongozi alitangulia na bendera, munyampara alisimamia watu. Mushahara ulilipwa kwa nguo za merikani, shanga na waya, na baadaye kwa feza.

Na jamaa? Hapo vitabu vingi vinanyamaza. Musafara haukuwa wa wanaume tu. Wanawake wengi walifuata waume zao, wakibeba vyungu na unga, na mutoto mugongoni. Jioni wanaume walipotua mizigo, wanawake walianza kazi ya pili: maji, kuni, kutwanga, kupika. Watoto walizaliwa njiani. Wake wengine walibaki mugini wakalima na kulea, bila kujua kama bwana atarudi. Kwani ndui, njaa na vita viliua wengi, na mara nyingi maiti iliachwa kando ya njia bila kaburi. Mupagazi aliyebaki muzima alijitahidi kufika kwake mbele ya mvua, sababu jembe lilikuwa linamungoja.

Tena tusifiche jambo: katika misafara ile ile walikuwamo pia watumwa wenye kufungwa minyororo. Mutu huru na mutumwa walikanyaga njia moja.

Katika watu hao wote, tunajua majina ya wachache tu. Livingstone alipokufa kwa Chitambo, tarehe 1 Mei 1873, Susi, Chuma na wenzao walibeba maiti yake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Katika musafara wa Livingstone walikuwamo Halima, mupishi, muke wa Amoda, na Ntaoeka, muke wa Chuma. Kwa nini tunawajua? Kwa sababu bwana wao aliandika majina yao katika daftari yake ya kila siku. Pasipo mustari ule, wangekuwa wamepotea.

Hapa kwetu Goma vilevile. Katika mwaka wa 1894 Mujeremani Götzen alipita pande hizi. Alikuwa ametoka Pangani Desemba 1893. Akapita Rwanda, akapanda Nyiragongo, akaona Ziwa Kivu, akapenya pori mpaka muto Kongo. Vitabu vinasema: Götzen alivuka Afrika. Ni kweli. Lakini wapagazi wake walikwenda kwa miguu kama yeye, na muzigo kichwani. Nani anajua jina la mumoja wao? Kisha ikaja vita ya 1914-1918. Wapagazi karibu 260,000 walitumikishwa katika Kongo, wengi kwa kulazimishwa, kupeleka vyakula na risasi za majeshi. Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba 1916, tunasifu majenerali. Na hata Kiswahili tunachosoma hapa kilifika huku pamoja na misafara, katika vinywa vya watu hao.

Tulinganishe na Uingereza. Kibarua wa mashamba wa karne ile alikuwa maskini: alilima shamba la mwingine, na wengi wao hawakupata haki ya kupiga kura mpaka mwaka wa 1884. Lakini leo mujukuu wake anaweza kumupata yeye, muke wake na watoto wake wote. Namna gani? Tangu mwaka wa 1538 parokia za kule ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Na tangu 1841 hesabu ya serikali iliandika majina ya watu nyumba kwa nyumba. Maskini hakuandika kitabu, lakini aliandikwa.

Ninyi mutakaokuwa mapadri, hapa ndipo kazi yenu. Kanoni 535 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya wabatizwa, vya ndoa na vya marehemu. Musiviandike kwa haraka. Andikeni jina la baba na la mama sawasawa, na mugini walikotoka. Tena mukiwa likizo, ulizeni wazee: nani katika ukoo wetu alibeba mizigo, wapi, na muke wake alikuwa nani? Kisha muandike mara mbili, kwani tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza hata kanisa kuu la Goma, na karatasi huungua upesi kuliko mawe.

Katika muji wetu yuko sanamu ya mutu wa chukudu, nasi tunafurahi kuiona. Lakini mwenye kusukuma chukudu kila asubuhi, na viazi na makaa juu yake, ana jina, muke na watoto. Tusingoje apite kama mupagazi, ndipo tuulize alikuwa nani.