Namba iliyovunjwa baada ya miaka 27

Hebu toa simu yako, fungua kikokotoo, uzidishe 721 kwa 287. Umepata 206,927, siyo? Zikumbuke tarakimu tatu za mwisho, 927. Tutazirudia.

Sasa andika 2 mara 67, zizidishe zote, kisha toa 1. Unapata hii:

147,573,952,589,676,412,927

Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe? Swali lenyewe ni la shule ya msingi, lakini lilisubiri jibu zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha orodha ya namba za aina hii alizoamini ni tasa. Hii yetu ilikuwamo. Nani angekaa kuigawa kwa mkono ili ampinge?

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akapita njia ya pembeni. Tuijaribu kwa namba ndogo, 31 (2 tano zilizozidishwa, toa 1), katika umbo rahisi ambalo Mmarekani D. H. Lehmer aliipa baadaye. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabaki 8. Rudia na hiyo 8: 62. Hatua ni tatu (5 toa 2), na 62 inagawanyika kwa 31 bila baki. Basi 31 ni tasa. Kingebaki chochote, isingekuwa tasa. Kwa namba yetu hatua ni 65, na mwishoni kinabaki kitu. Kumbe Mersenne alikosea!

Ila angalia vizuri: kipimo hiki hakitaji kigawo hata kimoja. Ni kama mtu anayetikisa nazi sokoni. Anajua ndani kukoje, lakini hajaivunja.

Aliyeivunja ni Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwenye mkutano wa wanahisabati jijini New York mwezi Oktoba 1903. Inasimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akaikokotoa namba yetu, kisha pembeni akazidisha:

193,707,721 × 761,838,257,287

Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Msimulizi ni mwanahisabati E. T. Bell, aliyependa kunogesha hadithi, kwa hiyo hayo makofi yapokee kwa tahadhari. Hesabu yenyewe haihitaji tahadhari: tazama namba hizo mbili zinavyoishia, 721 na 287, halafu tazama namba yetu inavyoishia. 927!

Kuhakiki kumekuchukua sekunde chache, angalau kwa zile tarakimu za mwisho. Kutafuta je? Inajulikana kwamba kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 134, lazima kibaki 1. Hiyo inapunguza kazi sana, lakini 193,707,721 bado ni ya 1,445,580 kwenye foleni hiyo. Cole alilazimika kuchuja kwa mbinu nyingine zaidi, na kwa mujibu wa Bell, kazi ilimla Jumapili za miaka mitatu.

Leo kompyuta yako inaivunja namba hii kufumba na kufumbua. Lakini pengo lile lile bado lipo kwa namba kubwa zaidi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliligeuza kuwa kufuli: zidisha namba tasa mbili kubwa, tangaza jibu, ficha zile mbili. Kufuli za siku hizi hutumia namba za tarakimu zaidi ya 600. Kompyuta inatambua haraka kwamba namba kama hiyo si tasa, lakini vigawo vyake anavijua aliyeitengeneza tu.

Na hapa ndipo penye utata: hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba njia ya mkato haipo. Tunachojua ni kwamba, kwa kompyuta tulizonazo, bado hakuna aliyeionyesha hadharani.