Nishani, Effendi na Jina la Askari

Barabara itokayo Arusha kwenda Namanga hupita Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, kisha huteremka nyikani mpaka Longido. Hapo Longido, tarehe 3 Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka upande wa Kenya liliishambulia ngome ya Wajerumani, likarudishwa nyuma. Mwanafunzi wa Ngaramtoni atakaye kuandika habari za askari mmoja wa kawaida wa vita ile, hasa mwenye nishani, hukwama kwenye maneno kabla hajafika kwenye nyaraka. Mkwamo huo ndio tunaokusudia kuujadili, kwa mfano wa askari wa Dar es Salaam ambaye maisha yake yamekwisha kuchunguzwa vizuri.

Askari huyo ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1904. Aliingia katika jeshi la Wajerumani mwaka 1914, mtoto wa miaka 10, ambamo baba yake, Msudani, alikuwa akitumika. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikulipwa. Akajibiwa kuwa amechelewa. Alibaki huko, akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza katika filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, na mtafiti ashikaye jina moja tu atapotewa na nusu ya maisha ya mtu huyu. Alikamatwa mwaka 1941, akafia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Cheo cha baba yake kilikuwa effendi. Bila shaka msomaji ataliona hapo neno letu "afande", kwani asili yao ni moja, yaani Kituruki. Lilifika pwani pamoja na ombasha na shaushi, vinywani mwa askari Wasudani ambao Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889. Lakini afande wa leo ni kila mkubwa anayestahili kupigiwa saluti, hali effendi wa Wajerumani alikuwa na cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukipata jeshini mwao. Mfasiri aandikaye "afande" mahali hapo amemvua mzee yule cheo chake. Afadhali "effendi" libaki kama lilivyo, na maelezo yafuate.

Neno "nishani" lina matata zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida huitwa nishani kila kipande cha madini kilichobandikwa kifuani, kiwe ni cha ushujaa, cha utumishi, au cha kununuliwa dukani. Waingereza waliwatolea askari wa K.A.R. medali ya ushujaa yenye jina la kikosi hicho, mbali na ile ya askari wa kwao. Hiyo ni nishani ya ushujaa pasipo ubishi. Msalaba uliotolewa Ujerumani kuanzia mwaka 1934 haukudai ushujaa wowote. Ulitosha ushahidi kwamba mtu alikuwako mstari wa mbele. Husen aliuomba, akanyimwa, kama walivyonyimwa Waafrika kwa jumla. Hata hivyo aliununua, akauvaa pamoja na sare ya askari kwenye mikutano ya Wajerumani waliotamani kurudishiwa makoloni.

Je, alikuwa askari mwenye nishani? Tukisema ndiyo, tumeficha kule kunyimwa. Tukisema la, tumefuta dai lake. Tunapendekeza "nishani ya ushujaa" itengwe na "medali ya utumishi", na katika vitenzi "kutunukiwa" kusichanganywe na "kuvaa". Husen alivaa medali ya utumishi ambayo hakutunukiwa. Katika orodha za waliotunukiwa hatapatikana kamwe. Mtafiti hana budi kupekua maombi yaliyokataliwa, na madai ya mishahara.