Mji Haufufuliwi na Lami Pekee: Mpanda, Watu Wake na Sanaa Zao



Hekalu linapoadhimisha miaka yake, ni desturi kuwakumbuka waliotangulia: waliochanga fedha, waliobeba matofali, na akina mama waliopika chakula cha sherehe. Hayo yana kurasa zake katika kitabu hiki. Sisi tumeona vema tuandike juu ya mji wenyewe, kwa maana hekalu lina mtaa wake, mtaa una watu wake, na watu hao wana historia. Swali letu ni moja: Mpanda uliwahi kupoteza kazi iliyouzaa, ni nini basi kilichoufufua, na ni nini kitakachoulinda sasa unapokua kwa haraka?

Mpanda tunaoujua ulizaliwa na madini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba hapa madini ya risasi, pamoja na fedha, shaba na dhahabu. Ili mzigo huo ufike pwani, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda. Umbali wake ni takriban kilomita 210, kupitia misitu ya miombo na Mto Ugalla. Reli ilifunguliwa mwaka 1950. Miaka 10 baadaye, mwaka 1960, mgodi ulifungwa. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mgodi ikabaki bila mgodi.

Wakati huohuo, upande wa kusini mwa nchi, ilikuwapo reli nyingine yenye historia inayofanana na hiyo. Ilitoka Mtwara kwenda Nachingwea, na ilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza. Mpango uliposhindwa, reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Mpanda ungeweza kupatwa na hayo hayo. Haukupatwa, na sababu yake haimo ardhini walimochimba wahandisi, bali imo katika watu waliokuwapo na waliokuja.

Kwanza walikuwapo wenyeji: Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na jamaa zao. Kabla ya mgodi walikuwa na mizinga ya nyuki, uwindaji, uvuvi na simulizi zao. Jina la mkoa wetu limetoka kwao. Wazee wa Kibende husimulia habari za Katabi, mwindaji mashuhuri ambaye roho yake hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo ili kuomba baraka. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974 ikachukua jina hilo, na mwaka 2012 mkoa mpya uliomegwa kutoka Rukwa ukachukua jina lilelile. Kwetu sisi Wahindu, ambao babu zetu waliuheshimu mti wa pipali, sadaka chini ya mkwaju haina la kushangaza. Tunachotaka kieleweke ni kwamba mkoa wenye ofisi, barabara na bajeti unaitwa kwa jina lililohifadhiwa na wasimulizi wa hadithi. Mgodi haukuuachia mkoa jina.

Kisha wakaja wageni. Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi. Makazi ya Katumba, jirani na mji wetu, yalianzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Walipewa ardhi ya msitu, wakaifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Mazao yao yalipanda treni ileile iliyokuwa imebeba risasi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Tangu miaka ya 1970 walifika pia ndugu zetu Wasukuma na ng'ombe wao, wakitafuta malisho na mashamba ya mpunga. Waha na Wafipa nao walikuja. Mji ulioachwa na mgodi ukapata wakulima, wafugaji, mafundi na wachuuzi.

Watu hao hawakuja na jembe tu. Walikuja na ngoma zao. Msukuma alikuja na bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe mkononi, iliyotokana na kazi ya kulima pamoja shambani. Alikuja pia na ushindani wa zamani wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ambavyo kwa vizazi vingi vimepambana kwa nyimbo, mitindo na dawa za kuvuta watazamaji. Mrundi naye anatoka katika nchi ambayo ngoma zake za kifalme ziliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tuliokaa nyuma ya kaunta tulijifunza kuyatambua majira kwa kusikiliza: baada ya mavuno fedha huonekana sokoni, arusi hufuatana, na ngoma husikika hadi usiku.

Na sisi wenye asili ya Gujarati je? Historia yetu katika bara hili la kati ni historia ya njia. Wazee wetu walifuata misafara, kisha wakafuata reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, alikuwa ameonyesha njia mwishoni mwa karne ya 19 kwa kufungua maduka kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kila kituo cha treni kikawa na duka. Neno hilo lenyewe, pamoja na gari, pesa, hundi, bima na chapati, ni ushahidi kwamba Kiswahili kilitukaribisha mapema kuliko sheria zozote.

Duka hilo la zamani linastahili kutazamwa tena na wanaojenga mji leo. Mbele lilikuwa na baraza chini ya kivuli cha bati. Barazani aliketi fundi cherehani, naye alishona kitambaa kilichonunuliwa ndani. Pembeni wazee walicheza bao, na mama aliyetoka kijijini alipumzika na mtoto akisubiri treni. Nyuma ya duka iliishi familia. Jengo hilo halikuwa la kupendeza machoni, wala halikuchorwa na mhandisi mwenye shahada. Hata hivyo lilimpa mpita njia mahali pa kukaa bila kulipa chochote. Ukikaa mahali na mtu kila siku, mwishowe unamjua jina, na ukimjua jina unahudhuria arusi ya mwanawe.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na sheria ya mwaka 1971 iliyotwaa majengo ya kupangisha, familia nyingi za jamii yetu katika miji midogo zilihamia Dar es Salaam, Uingereza na Kanada. Wachache walibaki, na wengine walirudi au kuja upya biashara zilipofunguliwa. Wanaobaki wakiwa wachache, sherehe haziwezi kufanyika bila majirani. Katika miji midogo ya nchi hii, jirani Mwislamu au Mkristo ndiye aliyesaidia kufunga taa za Diwali na kupiga ngoma ya arusi.

Sasa tunafika zama zetu. Tangu Katavi iwe mkoa mwaka 2012, mabadiliko yamekuwa makubwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Katika miaka 10 tu idadi imezidi mara mbili. Lami imefika kutoka Sumbawanga na kutoka Tabora. Katika Ziwa Tanganyika, bandari mpya imejengwa Karema, mahali ambapo Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 na ambapo tabibu Adrien Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto katika Afrika Magharibi, aliwatibu watu kwa zaidi ya nusu karne. Biashara na Kongo inatarajiwa kupitia hapo. Sisi wafanyabiashara tunashukuru kwa yote hayo, na tungekuwa wanafiki kusema vinginevyo.

Lakini mji unaokua hivi una hatari yake, na hatari hiyo tunaiona kwa sababu tumo ndani ya shughuli yenyewe. Ardhi ya katikati ya mji imekuwa ghali. Kila kipande kilicho wazi kinatazamwa na mtu anayehesabu idadi ya fremu zinazoweza kujengwa juu yake. Wataalamu wa mipango miji huchora maeneo ya wazi katika ramani, kwa ajili ya michezo, mikutano na mapumziko. Katika miji mingi ya nchi yetu maeneo hayo yamemezwa kidogo kidogo: leo kibanda, kesho ukuta, keshokutwa jengo. Ngoma ya Bagika na Bagalu haiwezi kuchezwa ndani ya fremu. Inahitaji uwanja, vumbi, na watu wanaosimama pande mbili. Uwanja ukishauzwa haurudi.

Wako watakaosema kwamba uwanja hauleti kodi ya pango. Ni kweli, lakini tazameni mnada wa mifugo unapofanyika. Watu huja kuuza ng'ombe, wakabaki kwa nyama choma na muziki, na kabla ya kurudi nyumbani wamenunua shuka, sabuni, mabati na betri. Penye mkusanyiko pana biashara. Mitaa iliyojaa fremu zinazotazamana, bila mahali pa mtu kupumzika, humfukuza mnunuzi mara tu anapopata alichokuja kukitafuta.

Wenzetu wa pwani wametangulia katika jambo hili. Bagamoyo, mji uliopoteza ukuu wake makao makuu ya Wajerumani yalipohamia Dar es Salaam na reli ikaanzia huko, leo unajulikana kwa chuo chake cha sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, na tamasha lake la kila mwaka. Unguja, Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Pale bandarini, zahanati ya kale iliyojengwa kwa fedha za Tharia Topan, mfanyabiashara kutoka Kutch, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990. Miaka michache baadaye chuo cha muziki kikaanza kufundisha taarabu katika jengo la forodha ya zamani, na tangu mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likijaza Ngome Kongwe. Lakini Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka na kuua watu, na hilo lilitukumbusha kwamba hata jumba la sultani linahitaji kutunzwa. Mpanda hauna majumba ya namna hiyo. Kilichopo hapa ni watu wenye sanaa zao, na viwanja vichache vya kuzichezea.

Ndiyo maana tunalileta shauri hili mbele ya waumini katika maadhimisho haya. Navaratri, usiku tisa wa Mama Mungu, sisi hucheza garba. Katikati huwekwa chungu chenye matundu na taa ndani yake, nasi tunazunguka. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza garba ya Gujarat katika orodha ileile ilimo ngoma ya Burundi. Basi katika mkoa huu mmoja wamo watoto wa urithi wote huo, na wengi wao hawajawahi kuona ngoma ya mwenzao kwa karibu.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, usiku mmoja kati ya tisa uwe wa mtaa mzima: vikundi vya ngoma vya Mpanda, Katumba na vijiji vya jirani vialikwe kucheza pamoja na garba, nyama na pombe zikikaa nje ya lango kwa heshima ya mahali. Pili, wachezaji walipwe. Tumezoea kuona kikundi cha ngoma kikiitwa kumpokea mgeni rasmi, kikicheza juani saa tatu, kisha kikipewa soda na nauli. Mpambaji wa ukumbi hulipwa, mwenye spika hulipwa. Mpiga ngoma naye ana watoto wa kusomesha. Tatu, kila mmoja wetu anayejenga jengo jipya la biashara aache baraza mbele yake na mti mmoja wa kivuli. Nne, tuungane na majirani kuiomba Manispaa ipime maeneo ya wazi yaliyobaki, iyawekee mipaka na hati, nasi tuchangie gharama za upimaji kwa kadiri ya uwezo wetu.

Mambo haya si makubwa kuliko uwezo wa mji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ghorofa moja. Yakicheleweshwa miaka 10 mingine, kwa kasi ya ongezeko tuliyoieleza, hapatakuwa na cha kupima.

Mgodi ulidumu miaka michache, na watu waliokuja baada yake wamedumu zaidi ya nusu karne. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watu hao pamoja na watoto wao, aibariki nyumba hii ya ibada, na atujalie tukutane sote uwanjani Navaratri ijayo.