Duka Ndani ya Jengo la Kale

Mintarafu ya majengo ya kale ambayo kazi yake ya asili imekwisha, wako wasemao kwamba heshima yake ni kuachwa yalivyo, na wako waonao kwamba ardhi ni ghali na afadhali yabomolewe; nami naona kwamba jengo lisilotumika hufa upesi, kwa kuwa hapana wa kuziba dari inapovuja, na kwamba kuligeuza duka ni njia njema ya kulinusuru, ila kwa sharti kwamba biashara ndiyo ilifuate jengo.

Huko Maastricht, Uholanzi, Kanisa la Wadominiko, lililotabarukiwa mwaka 1294 na kuacha kuwa nyumba ya ibada baada ya majeshi ya Ufaransa kuuteka mji mwaka 1794, lilitumika miaka mingi kuwa ghala, na hata mahali pa kuwekea baiskeli, mpaka mwaka 2006 lilipofunguliwa kuwa duka la vitabu. Mwenye duka alihitaji mita za mraba 1,200 ilhali sakafu ilikuwa na 750 tu, akataka ijengwe sakafu ya pili baina ya kuta, jambo ambalo lingelikata kanisa kimo chake chote. Wasanifu Merkx na Girod hawakuridhia. Wakabuni kabati la chuma cheusi lenye ghorofa zake, likasimama upande mmoja, mteja akapanda ngazi ndani yake mpaka karibu na matao ya dari, na upande wa pili ukabaki wazi. Maadamu kabati lile linasimama lenyewe, siku litakapoondolewa kuta zile za kale zitasalia kama zilivyokuwa.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja biashara si mgeni, kwani nyumba nyingi za Wahindi zilijengwa tangu awali duka chini na makazi juu. Hatari iko kwenye ukarabati. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Fundi akizipiga lipu ya saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi hupasua ukuta, na vichwa vya boriti za mikoko huoza. Tena chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, saruji kwa nyuzi 1,450, na chokaa ikigandamana huirudisha ndani yake sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka tanuuni. Basi mwenye kuchagua chokaa huuhifadhi ukuta na kupunguza moshi kwa pamoja.

Lakini lipu njema haitoshi. Pale vyumba vya chini vinapojaa vinyago na vitenge vya wageni, na wenyeji wa juu wakahama kwa kukosa hata pa kununua unga, ghorofa hubaki tupu, na mvua ya masika huanza kazi yake kutokea darini. Ndiyo maana napendekeza kila mkataba wa kupangisha duka katika nyumba ya namna hiyo utenge fungu la kodi kwa ajili ya paa, na fungu hilo litumike kabla ya kiangazi kwisha.