Ibada ya wasio na makazi yahitaji wanaojitolea kwa kudumu

KWA Wakristo wa baadhi ya vijiji, kusali chini ya mti si jambo geni. Waumini hukusanyika kivulini wakisubiri kanisa lijengwe. Ipo, hata hivyo, ibada ya nje isiyosubiri jengo.

Mwaka 1996, kasisi wa Kianglikana, Debbie Little, alianzisha ibada ya Jumapili katika bustani ya Boston Common, mjini Boston, Marekani, pamoja na watu wanaolala mitaani. Ibada hiyo, ijulikanayo kama common cathedral, imekuwa ikifanyika nje hata wakati wa theluji. Asiye na makazi mara nyingi huona haya kuingia kanisani na mizigo yake. Hivyo kanisa humfuata alipo.

Wanaojitolea hutoka katika makanisa mbalimbali na huleta chakula. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kuketi na wenzao, kuwajua kwa majina na kupokea Komunyo katika duara moja. Wasio na makazi nao huomba na kutoa mawazo yao kuhusu neno lililosomwa. Si wapokeaji tu.

Kwa hiyo, anayetaka kujitolea katika ibada ya namna hii, popote alipo, asipige watu picha bila ridhaa yao, wala asiahidi asichoweza kutimiza. Zaidi ya yote arudi, kwani watu hao wamezoea kuachwa, na anayefika mara moja tu huwaongezea upweke.